Pikipiki Isiinuliwe kwa Mawe

Yapo mambo ambayo kwa udogo wake hayapati nafasi katika hotuba wala katika mikutano ya hadhara, na hata gazeti likiyataja huyataja kwa kupita. Leo twapenda kulizungumza mojawapo ya mambo hayo, nalo ni namna pikipiki inavyoinuliwa gurudumu lake la nyuma ili itengenezwe nyumbani. Msomaji asifanye haraka kufungua ukurasa mwingine. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na katika njia zote ziendazo Mbarara, jambo hili lagusa vidole vya watu, miguu ya watoto na chakula cha jioni cha nyumba nyingi.

Apitaye Base Camp, Juru au Rubondo siku ya mapumziko atawaona vijana wameziinamia pikipiki zao. Mmoja amekilaza chombo ubavuni juu ya majani ya mgomba; petroli inachuruzika kutoka kwenye kifuniko cha tangi na maji ya betri yanapotelea ardhini. Mwingine amepanga mawe mawili na kipande cha gogo chini ya injini. Wa tatu amempa mdogo wake kazi ya kuivuta pikipiki iegemee stendi ya ubavuni hata gurudumu la nyuma lielee, na huku yeye mwenyewe anafungua nati ya ekseli kwa nguvu zake zote. Wa nne, na huyu ndiye atutiaye hofu kuliko wote, amewasha injini na kutia gia ya kwanza. Gurudumu linazunguka hewani, naye anaifuta cheni kwa kitambaa.

Mawe huteleza. Gogo huviringika. Mtoto huchoka. Na kitambaa kikinaswa kati ya cheni na sproketi, kidole hukifuata kitambaa kabla mwenye kidole hajapata nafasi ya kupiga kelele.

Hatuyasemi haya kwa kuwadharau vijana hao. Ni watu wa kazi, na mahali wanapoishi pana historia ya kazi. Makazi ya Nakivale yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, yakawapokea wakimbizi kutoka Rwanda, na tangu wakati huo milango yake haijafungwa. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 150,000, kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea, chini ya usimamizi wa Ofisi ya Waziri Mkuu na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nchini Uganda haki ya kufanya kazi na ya kusafiri. Haki hizo mbili, ukizitazama kwa macho ya mtu wa Nakivale, zimekaa juu ya magurudumu mawili. Mkongo akiiita pikipiki yake "moto", Mtanzania aliye karibu anaweza kushtuka akatafuta maji; lakini wote wawili wanazungumza juu ya kitu kile kile, nacho ndicho kibebacho samaki wa Ziwa Nakivale, mikungu ya matoke ya Isingiro, makopo ya maziwa, madaftari ya shule na mgonjwa aliyezidiwa usiku.

Tena yafaa ikumbukwe kwamba mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kupungukiwa na fedha, liliwaondoa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda katika orodha ya wanaopewa msaada. Nyumba ambayo zamani ilingoja siku ya mgao sasa yangoja kijana arudi na chombo. Chombo kikilala siku tatu kwa kukosa gurudumu la nyuma, si kijana peke yake alalaye na njaa.

Turudi kwenye cheni, maana huko ndiko kiini cha hoja yetu. Njia ya lami iendayo Kikagati, mpakani mwa Tanzania, inapita Isingiro. Lakini anayeingia makazini huiacha lami na kushika barabara ya udongo. Kiangazi kinapokuja, vumbi huingia katika mafuta ya cheni na mchanganyiko huo huwa kama msasa: kila mzunguko unakula pini za cheni na meno ya sproketi. Mvua za Machi zikianza, matope hufanya kazi ile ile kwa namna nyingine. Cheni iliyolika hulegea, na iliyolegea siku moja huruka nje ya meno. Ikiruka na kujikunja kando ya sproketi, gurudumu la nyuma hukazwa papo hapo kana kwamba mtu amelipiga pingu. Mambo hayo yakitokea mteremkoni, na nyuma yuko mama mjamzito anayekimbizwa kituo cha afya, hapana ustadi wa uendeshaji utakaomwokoa yeyote.

Cheni haiwezi kukaguliwa kikamilifu bila kulizungusha gurudumu. Cheni iliyolika hailiki sawasawa; sehemu moja hukaza na nyingine hulegea. Anayeipima mahali pamoja tu, pikipiki ikiwa imesimama chini, anaweza kuisifu cheni itakayomwangusha kesho. Ili gurudumu lizungushwe kwa mkono hapana budi liinuliwe, na likiinuliwa hapana budi likae palepale lilipoinuliwa. Ndiyo maana twaitetea stendi ya nyuma.

Stendi ya nyuma tunayoisema ni kifaa kinachowekwa pembeni ya nyumba na kutumiwa wakati wa matengenezo tu, wala haifungwi katika pikipiki. Ni bomba la chuma lililokunjwa kwa umbo la sahani ya farasi, lenye miguu miwili iliyosimama, vigurudumu viwili vidogo chini, na juu ya kila mguu kikanyagio cha mpira. Vikanyagio hivyo huingizwa chini ya mikono miwili ya chuma inayolishika gurudumu la nyuma, karibu na ekseli. Mpini ukisukumwa chini, miguu husimama wima, ikapita kidogo upande wa nyuma, na uzito wa pikipiki wenyewe ukaikandamiza stendi isirudi.

Hii ni kazi ya wenzo, ambayo kila mwanafunzi aliisoma. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda haina uzito unaozidi sana kilo 120, na tuseme nusu yake, yaani kilo 60, imekaa nyuma. Mpini wa stendi ukiwa na sentimita 60 kutoka kwenye vigurudumu, na vikanyagio vikiwa sentimita 12 tu mbele yake, kilo 12 za kusukuma zatosha kuinyanyua. Bibi kizee aliyezoea kuchota maji ataweza. Kwa nini basi kijana mwenye misuli aharibu mgongo wake kwa kuikumbatia pikipiki kama mtu apiganaye mieleka?

Wala fikra hii si ngeni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, jeshi la Uingereza lilitumia pikipiki za BSA M20, zilizotengenezwa zaidi ya 100,000, nazo zilikuwa na stendi ya nyuma iliyofungwa karibu na ekseli na kukunjwa juu wakati wa safari. Matarishi waliobeba barua za makamanda hawakuwa na gereji jangwani. Pancha ikitokea, stendi iliteremshwa, gurudumu likainuliwa, likatolewa, likazibwa, na barua ikaendelea na safari yake. Viwanda vya baadaye viliihamishia stendi katikati ya chombo, na pikipiki nyingine zikaachiwa stendi ya ubavuni peke yake. Sisi tuliolelewa katika chuo cha makadeti tulifundishwa mapema kwamba chombo cha kazi hukaguliwa kabla ya safari na husafishwa baada ya safari, uchovu usihesabiwe kuwa sababu. Nidhamu hiyo haihitaji sare.

Tunajua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba Bajaj Boxer na TVS, ambazo ndizo zilizojaa katika vituo vyetu, huja na stendi ya kati kutoka kiwandani. Ni kweli, na aliye nayo ikiwa nzima aitumie na amshukuru Mungu. Lakini tembea ukazitazame zilizokwisha kubeba mizigo miaka minne. Utaona stendi zilizopinda kwa sababu chombo kilipakiwa magunia kikiwa kimesimama juu yake. Utaona mashimo ya pini yaliyolika hata stendi inayumba kama jino bovu. Na utaona nyingine zilizokatwa kabisa, kwa kuwa zilikuwa zinagonga mawe ya barabarani. Zipo pia pikipiki za njia mbaya, za namna ya Yamaha DT, wanazopanda baadhi ya watumishi wa afya na wa kilimo. Hizo hazikuzaliwa na stendi ya kati hata kidogo. Muuguzi anayepeleka chanjo ng'ambo ya kilima hana mahali pa kuliinua gurudumu lake ila juu ya mawe yale yale.

La pili litakalosemwa ni kwamba matengenezo ni kazi ya fundi. Hapa twapinga kwa nguvu zaidi. Kufungua injini ni kazi ya fundi. Kupaka cheni mafuta, kukaza cheni, kutazama kama spoku zimelegea, kusikiliza kama beringi inanguruma, kupima breki ya nyuma: hizi ni kazi za mwenye chombo, kama vile kunoa jembe ni kazi ya mkulima. Anayempelekea fundi kila jambo dogo humlipa kila wiki. Na asiye na fedha wiki hiyo haendi kabisa, naye huongeza siku juu ya siku mpaka cheni yenyewe imkumbushe.

Liko na jambo la amani ya nyumba kwa nyumba. Pikipiki nyingi si mali ya anayeziendesha. Mama mwenye duka hununua chombo kwa akiba ya kikundi, humkabidhi kijana, naye kijana huleta hesabu kila jioni. Cheni ikikatika, ugomvi huzuka: huyu asema hukupaka mafuta, yule asema ulininunulia cheni mbovu. Tumeyasikia mashauri ya namna hiyo, na mara nyingi hayana mshindi. Ikiwepo stendi uani kwa yule mama, kila Jumamosi gurudumu lingeinuliwa mbele ya macho ya wote wawili, likazungushwa, na ukweli ukaonekana kabla haujawa kesi. Mwenye mali hahitaji kujua ufundi ili aone cheni inayoning'inia.

Kuhusu gharama, hatumshauri mtu anunue stendi iliyotoka ng'ambo. Wachomeleaji wa Mbarara wanatengeneza malango, vitanda, madirisha na matela. Bomba la inchi moja lenye ukuta mnene haliwashindi. Wako na vijana wa Nakivale waliojifunza kuchomelea, na wengine walitoka Goma, mji ambao watu wake walichonga chukudu kwa mbao na wakabebea viazi na mkaa milimani. Mikono iliyotengeneza chukudu haiogopi stendi. Tunalolisisitiza ni vipimo. Mikono ya gurudumu la nyuma ya Boxer na ya Yamaha hailingani kwa upana. Kwa hiyo vikanyagio visichomelewe moja kwa moja, bali vifungwe kwa bolti ili visogezwe. Mpira wa kikanyagio ukatwe kutoka kwenye tairi kuukuu. Na kabla pikipiki ya mtu haijapandishwa, stendi ijaribiwe kwa mzigo maradufu ya ule itakaoubeba. Kiungo kikilia au kikipinda, kirudi motoni. Stendi iliyochomelewa kwa pupa ni mbaya kuliko mawe, kwa maana mawe yanatiliwa shaka lakini stendi inaaminiwa.

Matumizi yake nayo yana taratibu. Injini izimwe na ipoe. Nati ya ekseli, kama itafunguliwa, ilegezwe kwanza gurudumu likiwa bado chini, ili chombo kisije kikasukwasukwa kikiwa juu. Ua wa Nakivale ni udongo, na vigurudumu vidogo vya stendi huzama. Basi utandazwe ubao mpana wa mkaratusi mahali pa tambarare. Gia iwe huru. Mtu mmoja ashike usukani na kuisimamisha pikipiki wima, stendi ya ubavuni ikiwa imeteremshwa kwa tahadhari. Wa pili aende nyuma, alinganishe vikanyagio pande zote mbili, atazame mara mbili, kisha ausukume mpini chini polepole kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kwenye kishikio cha kiti. Gurudumu likiisha kuelea, breki ya mbele ifungwe kwa ukanda wa mpira wa tyubu ili chombo kisitembee. Hapo ndipo kazi ianze.

Gurudumu lizungushwe kwa mkono, kwa mkono tu. Hatutachoka kulirudia hilo. Cheni ipimwe katikati ya sehemu ya chini, kwa kuiinua na kuishusha kwa kidole, mahali baada ya mahali. Mchezo wake uwe kama kitabu cha chombo kisemavyo, na kwa pikipiki hizi ndogo mara nyingi ni kati ya milimita 20 na 30. Mahali pakazapo zaidi ndipo papimiwe, maana cheni iliyokazwa kupita kiasi huua beringi. Skrubu za kuvutia gurudumu zizungushwe sawasawa kushoto na kulia, alama kwa alama, la sivyo gurudumu litakwenda upande kama kaa. Gurudumu likamatwe juu na chini na kutikiswa: likicheza, beringi zimechoka. Spoku zigongwe kwa spana moja moja. Iliyolegea hutoa sauti ya kopo bovu. Watoto wawe mbali, na ikiwezekana mmoja aliye mkubwa apewe kazi ya kuwazuia, kwani nyumba ya Nakivale haikosi watoto na gurudumu linalozunguka huwavutia kuliko sukari. Asiwepo mtu wa kukaa juu ya pikipiki iliyoinuliwa, wala wa kuipiga kiki.

Sasa tuwaulize wenye madaraka. Mara kwa mara hufanyika misako ya bodaboda, na vyombo vibovu hukamatwa vikajazana katika viwanja. Sheria ifuate mkondo wake. Hatusemi chombo kibovu kiachwe kiue watu. Lakini pikipiki iliyokaa mvuani miezi miwili katika kiwanja haitoki ikiwa na cheni njema zaidi. Tungependa kuona kijana aliyekamatwa kwa mara ya kwanza akionyeshwa, palepale, gurudumu lake likiwa limeinuliwa, kile kilichomfanya akamatwe. Saa moja ya mafundisho hayo haigharimu serikali kitu, nayo hubaki kichwani.

Pia twatoa shauri kwa jeshi letu wenyewe. Kila mwaka, Februari inapowadia, majeshi ya ulinzi huadhimisha Tarehe Sita, kumbukumbu ya shambulio la Kabamba la mwaka 1981, kwa kazi za kuwasaidia wananchi: hospitali husafishwa, wagonjwa hutibiwa, majengo ya shule hukarabatiwa. Mafundi wa magari wa Divisheni ya Pili wako Makenke, Mbarara, si mbali na Nakivale. Wakipewa siku mbili, mashine ya kuchomelea na lori la mabomba, wangeweza kuwafundisha vijana wa vyama vya bodaboda, wakimbizi na wenyeji wa Isingiro kwa pamoja, namna ya kuitengeneza stendi na kuitumia. Lugha haitakuwa kikwazo. Kiswahili cha jeshini na Kiswahili cha Kivu vinaelewana vizuri penye spana na grisi, hata kama vinatofautiana penye sarufi.

Si lazima kila nyumba iwe na yake. Kiswahili kimetuchezea hapa, kwa kuwa mahali pa bodaboda kungojea abiria panaitwa stendi na chuma hiki nacho ni stendi. Basi na kila stendi iwe na stendi. Wanachama 20 wakichanga, kila mmoja atatoa kiasi kidogo kuliko bei ya cheni moja. Ipakwe rangi inayoonekana, iandikwe jina la kituo, ifungwe kwa mnyororo kwenye mti au nguzo, na ufunguo akae nao mwenyekiti pamoja na daftari la wanaoiazima. Anayeirudisha imepinda aipeleke mwenyewe kwa mchomeleaji. Na muuguzi mwenye pikipiki isiyo na stendi ya kati aruhusiwe kuitumia bila kulipa, wakati wowote apitapo.